Mazoezi ni mazoea: usingoje hamu ikuamshe

Ukipita ufuoni Malindi, upande wa Silversands, alfajiri ya wiki ya kwanza ya Januari, utadhani mji mzima umeingia kambini. Hapa kuna baba mwenye kitambi anayekimbia hatua ishirini kisha ashike kiuno. Pale kuna kina mama watatu wanaotembea kwa haraka, kanga zikipepea. Raba bado ni nyeupe, hazijaujua mchanga. Kilifi, kwenye ufuo wa Bofa, mambo ni yayo hayo. Watu wamekula sikukuu, nguo zimebana, na kila mmoja amejiapia kwamba mwaka huu hautakuwa kama uliopita.

Rudi papo hapo katikati ya mwezi wa Machi. Jua limekuwa kali na ufuo umerudi kwa wenyewe: wavuvi, watoto, na wale wachache waliokuwa wakitembea tangu mwaka juzi. Raba ziko chini ya kitanda. Wahenga hawakukosea waliposema kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Je, wale walioacha ni wavivu? La, hasha. Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwapikia watoto uji, kisha akashinda dukani hadi magharibi, huwezi kumwita mvivu. Wala si mvivu kijana anayesoma mchana na kufanya kibarua usiku. Tatizo liko kwingine. Watu hawa walianza kwa hamu, nayo hamu ni mgeni: huja bila hodi na huondoka bila kuaga. Swali la kujiuliza, msomaji, ni hili: hamu ikishaondoka, ni kitu gani kitakachokutoa nyumbani?

Kilichotupata watu wa mjini

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kuzungumzia mazoezi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na kuupanda tena jioni, wala si mnazi mmoja. Mvuvi husukuma chombo na kuvuta nyavu. Mama wa bara ya Kilifi, kule Ganze, hutembea mwendo mrefu kutafuta maji na kurudi na mzigo kichwani. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza atapata wapi moyo wa kunyoosha viungo. Kazi yenyewe ndiyo inayomsukuma, apende asipende.

Sisi wa mjini tumeondolewa msukumo huo kidogo kidogo, nasi tukashukuru. Tuktuk hukuchukua mlangoni Barani na kukushusha mlangoni sokoni. Bodaboda huleta unga. Simu hulipa stima na maji. Si kwamba maendeleo ni mabaya. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, wasafiri waliokuwa wakipanga foleni juani kungojea feri walipumua. Lakini kila starehe iliyoingia maishani mwetu imetuondolea hatua mia mbili hapa na ngazi kumi pale, na bandu bandu huisha gogo.

Matokeo yake yanapimika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Uchunguzi mwingine wa kitaifa, wa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49, wanawake 45 walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Hizi si tarakimu za kutazama na kugeuza ukurasa. Katika familia zetu presha na sukari si habari za kusikia kwa jirani. Ni shangazi aliyepooza upande mmoja. Ni mjomba aliyekatwa mguu. Ni karo ya shule iliyoishia kwenye dirisha la malipo hospitalini. Kwa hivyo tunapozungumzia mazoezi, hatuzungumzii umbo la kupendeza kwenye picha za harusi. Tunazungumzia nani atakuwa na nguvu za kuilea familia hii miaka ishirini ijayo.

Dereva na kondakta

Mwaka 1953, daktari mmoja Mwingereza aitwaye Jerry Morris pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli, mamia ya vidato kila siku ya kazi. Watu hawa wawili walifanya kazi katika gari moja na katika mji mmoja, lakini madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta.

Makondakta hao hawakuwa wanariadha. Hawakuwa na raba maalum wala hawakuamka na hamu ya kupanda ngazi. Ngazi zilikuwa sehemu ya kazi, basi. Hapo ndipo penye siri ya jambo zima: kilichowakinga hakikuwa bidii ya wiki mbili, bali kitu kidogo kilichorudiwa kila siku kwa miaka. Morris mwenyewe aliendelea na mazoezi hadi uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Ushahidi mwingine ulitoka Marekani mwaka 2002. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao walikuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformini. Kundi jingine lilisaidiwa kupunguza uzito kidogo kwa chakula bora na kufanya mazoezi kama kutembea kwa haraka kwa dakika 150 kila wiki. Vidonge vilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 31. Chakula na mazoezi viliipunguza kwa asilimia 58. Tafadhali, hii si ruhusa ya kutupa dawa ulizoandikiwa. Ni ukumbusho tu kwamba miguu nayo ni dawa, na haiuzwi dukani.

Kiasi gani kinatosha?

Wengi hukata tamaa kwa sababu wamejiwekea mlima. Mtu ambaye hajakimbia tangu shule ya msingi anaamua kukimbia kilomita tano siku ya kwanza. Siku ya pili hawezi kushuka kitandani. Siku ya tatu amejiambia kuwa mambo haya si ya rika lake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hiyo dakika 150 ni nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Mwongozo huo unaongeza kazi ya kutia misuli nguvu mara mbili kwa wiki, kama kuinuka na kuketi bila kushika kiti, au kubeba mizigo. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji saa moja kila siku.

Mazoezi ya kadiri ni yapi? Kipimo chake hakihitaji mashine. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Kwa mtu mzima wa kawaida, huo ni mwendo wa hatua kama 100 kwa dakika.

Tena kuna habari njema kwa mtu mwenye shughuli nyingi. Zamani wataalamu walisema zoezi lisilofika dakika kumi halihesabiwi. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo. Kila kidogo kinahesabiwa: dakika saba kwenda dukani, dakika nane kumpeleka mtoto shuleni, dakika tano za kupanda ngazi badala ya kungoja lifti. Haba na haba hujaza kibaba.

Ukiwa Kilifi, chukua mfano wa daraja. Urefu wake ni karibu mita 420. Kulivuka kutoka Mnarani hadi upande wa mjini, kurudi, na kufanya hivyo mara ya pili, ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Kazi ya dakika kama ishirini hivi. Kaa pembeni, mbali na magari, na upepo wa mkondo utakulipa.

Neno lenyewe linatufundisha

Kiswahili chetu kilikwisha kulitatua fumbo hili. Neno "mazoezi" limetokana na "kuzoea". Halikutokana na kupenda, wala kutamani. Mwenye kufanya mazoezi ni mwenye kujizoeza, yaani kukifanya kitu mpaka mwili wenyewe ukikikosa unauliza kiko wapi.

Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walijaribu kupima mazoea hayo huchukua muda gani kujengeka. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya, kisha wakalifunga kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla ya jambo hilo kuanza kujiendesha lenyewe bila kusukumwa. Wepesi walichukua siku 18. Kwa wazito, hesabu ilikadiriwa kufika siku 254.

Sasa fanya hesabu, msomaji. Aliyeanza tarehe mosi Januari, siku yake ya 66 ni wiki ya kwanza ya Machi. Wengi wa wale wa ufuoni waliacha pale ambapo mzigo ulikuwa karibu kuwa mwepesi. Walidhani uzito ule utadumu milele.

Utafiti huo ulifundisha jambo la pili, ambalo ni faraja kubwa. Kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Tunachovunjwa nacho si ile siku moja tuliyokosa, bali maneno tunayojiambia baada yake: "Aa, nimeshaharibu, nitaanza upya mwezi ujao." Kanuni ya kufuata ni rahisi. Kukosa mara moja ni ajali. Usikubali kukosa mara mbili mfululizo.

Funga mbuzi kwenye kigingi kisichong'oka

Mfugaji hamfungi mbuzi wake kwenye mti mkavu. Nasi tunapotaka zoezi lisipotee, tulifunge kwenye jambo la kila siku lisilohama. "Nitatembea nikipata nafasi" si kigingi. "Nikishatoka msikitini alfajiri, sirudi kulala, nazunguka mtaa" ni kigingi. "Nikishamfikisha mtoto lango la shule, narudi kwa njia ya mbali" ni kigingi. "Nikishafunga duka, sipandi tuktuk, natembea hadi nyumbani" ni kigingi.

Hapa watu wa pwani tuna mtego mmoja ambao watu wa bara hawaujui, nao ni bahari. Kutembea ufuoni kunapendeza zaidi maji yakipwa, mchanga unapokuwa mgumu na mpana. Lakini kila mvuvi anajua kuwa saa ya maji kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ikiwa leo maji yamepwa saa kumi na mbili asubuhi, baada ya wiki moja yatapwa karibu na saa sita mchana, na ile saa kumi na mbili ya asubuhi utakuta yamejaa hadi kwenye mawe. Aliyefunga mazoezi yake kwenye maji kupwa atakuwa na wiki nzuri, kisha wiki mbaya, na katika ile wiki mbaya ndipo anapoacha.

Jua halina tabia hiyo. Sisi tuko karibu na ikweta, na mwaka mzima tofauti kati ya jua linapochomoza mapema zaidi na linapochelewa zaidi haifiki saa moja. Watu wa Ulaya, wakati wa baridi, huamka gizani na kurudi kutoka kazini gizani. Sisi tumepewa alfajiri ile ile, Januari hadi Desemba. Basi funga zoezi lako kwenye jua au kwenye swala, usilifunge kwenye bahari. Uwe na njia mbili: ya ufuoni kwa siku za maji kupwa, na ya barabarani kwa siku za maji kujaa. Ukifika njia panda unatazama bahari, unachagua, unaendelea. Lililokwisha kuamuliwa ni kutoka. Kilichobaki ni upande wa kugeukia.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 chini ya saa mbili mjini Vienna mwaka 2019, alizungukwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumshika mwendo. Ikiwa bingwa kama yule alihitaji wenzake, sisi ni nani tujifanye jasiri wa kutoka peke yetu saa kumi na moja alfajiri?

Historia ya hapa kwetu inasema hivyo hivyo. Mekatilili wa Menza aliwaamsha Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza mwaka 1913, na inasimuliwa kuwa aliwakusanya kwa ngoma ya kifudu. Alikamatwa akapelekwa mbali magharibi mwa nchi, Kisii. Mwaka 1914 alitoroka akarudi pwani kwa miguu, mamia ya kilomita. Wengi tunaijua sehemu hiyo. Tunayosahau ni kwamba hakutoroka peke yake. Alikuwa na mwenzake waliyefungwa pamoja, Wanje wa Mwadorikola. Safari ndefu hutaka mtu wa kukuuliza, "Umechoka? Twende mpaka mti ule."

Tafuta basi mwenzako mmoja, si umati. Awe jirani, ili asiwe na nafasi ya kukupigia simu kusema amekwama. Mkubaliane saa na mahali, naye akiwa amesimama nje ya mlango wako, utaona aibu kumwacha pale. Aibu hiyo ndogo hufanya kazi kuliko hotuba kumi za kujipa moyo.

Kina mama wana kikwazo ambacho kina baba mara nyingi hawakioni. Mwanamke anayetembea kwa haraka peke yake alfajiri hutazamwa, huulizwa, na pengine hufuatwa. Wakiwa watatu au wanne, maneno hupungua na usalama huongezeka. Vyama vyetu vya kuchangishana pesa tayari vina majina, siku na viongozi. Hakuna kinachozuia chama kinachokutana kila Jumamosi kikatembea kwanza nusu saa, ndipo daftari lifunguliwe. Wala hakuna haja ya suruali za kubana. Dera na raba vinatosha, na buibui halijawahi kumzuia mtu kuinua mguu. Asiyeweza kutoka aweke muziki nyumbani. Mwenye kucheza chakacha vizuri kwa dakika ishirini hahitaji mtu wa kumwambia kama ametoa jasho.

Nao kina baba wasaidie kwa vitendo. Kumwambia mke wako apunguze unene huku ukingoja akupikie mahamri na mbaazi si msaada. Msaada ni kusema: "Mama, leo toka wewe, watoto nitawavisha mimi."

Kwa wanafunzi

Kijana huona presha ni ugonjwa wa wazee. Lakini mazoea ya kuketi huanza chuoni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, akichukua bodaboda kila anapokwenda mjini, anatoa pesa ili anyimwe mazoezi. Akienda kwa miguu na mwenzake mara tatu kwa wiki, amepata mazoezi na nauli imebaki mfukoni. Wakati wa mtihani ndipo wengi huacha kila kitu, na ndipo mwili unapouhitaji zaidi mwendo, kwa maana hutuliza wasiwasi na huleta usingizi. Dakika kumi kati ya kitabu na kitabu si muda uliopotea.

Kuna hila moja ambayo vijana wataipenda. Chagua kipindi, simulizi au muziki unaoupenda sana, na ujiwekee sheria kwamba utausikiliza ukiwa unatembea tu. Watafiti wa Marekani walijaribu hivyo kwa simulizi zilizorekodiwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, na waliowekewa sharti hilo walikwenda mazoezini mara nyingi zaidi. Lakini likizo ilipoingia kati, faida iliyeyuka. Hapo tunajifunza kwamba adui mkubwa wa mazoezi huenda asiwe uvivu. Ni kile kikato cha siku kumi kinachoitwa sikukuu.

Panga kurudi kabla ya kuondoka

Kikato hakikwepeki. Kuna Krismasi na Idi. Kuna matanga ya siku kadhaa kijijini. Kuna mvua ya masika, inayogeuza mitaa kuwa vidimbwi. Kuna malaria ya mtoto. Mwenye busara hajidanganyi kwamba hayatatokea. Anaamua mapema atarudi siku gani, na atarudi kwa kiasi gani.

Ukisafiri kwa matanga, sema tangu siku ya kuondoka: "Nikirudi Jumanne, Jumatano jioni natembea dakika kumi." Si thelathini, kumi. Anayerudi kwa dakika kumi atarudi kweli. Anayetaka kulipa deni la siku zote alizokosa ataumia goti.

Mwezi wa Ramadhani nao usiwe mwezi wa kuacha, bali wa kubadilisha. Wapo wanaopendelea kutembea pole pole muda mfupi kabla ya kufuturu, ili wakimaliza maji yawe karibu. Wengine hutembea baada ya tarawehe, barabara zikiwa na watu na hewa imepoa. Punguza kiasi, shika wakati.

Siku za mvua, veranda au sebule inatosha: inuka na uketi kitini mara kumi, pumzika, rudia mara tatu, sukuma ukuta kwa mikono mara kumi na tano. Siku za joto la Machi, toka kabla ya jua kupanda, na unywe maji.

Andika, wala usijisifu mapema

Chukua kalenda ya ukutani, ile mliyopewa dukani mwisho wa mwaka. Kila siku uliyotembea, tia alama kwa kalamu. Watoto wataiona na wataanza kukusimamia bila kuajiriwa. Wape nao safu yao, wacheze mpira, waruke kamba, waogelee wakiwa na mtu mzima. Mtoto hafuati ushauri, hufuata nyayo.

Usijipime kwa mizani kila asubuhi. Uzito hushuka pole pole, tena siku nyingine hupanda bila sababu, na aliyefunga moyo wake kwenye mizani atavunjika nao. Jipime kwa mambo haya: Je, napanda ngazi bila kuhema? Je, nalala vizuri? Je, presha yangu inasema nini? Kaipime kituo cha afya kabla ya kuanza, uandike, kisha upime tena baada ya miezi mitatu. Mwenye maradhi ya moyo, presha kali au kisukari azungumze na daktari kwanza. Na yeyote anayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu akitembea, asimame na atafute matibabu siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Usiitangazie dunia siku ya kwanza kwamba umeanza mazoezi, ukapokea pongezi ambazo hujazifanyia kazi. Mwambie mwenzako mmoja tu. Siku 66 zikipita, hutahitaji kumwambia mtu. Wataona wenyewe, nawe utakuwa umeshasahau kuwa kuna siku ulihitaji hamu ili utoke.

Chagua kigingi chako leo usiku, kabla ya kulala. Andika sentensi moja: "Nikishamaliza jambo hili, nitatembea dakika kumi." Weka raba mlangoni. Kesho usiulize moyo wako kama unataka; uliza tu kama lile jambo limekwisha. Likishakwisha, toka.